Pua ya Ijumaa Usoni pa Mtu wa Alhamisi

Njoni, mlio karibu mkae na mlio mbali msogee; watulizeni watoto, zimeni redio, na mwenye kikohozi atoke akakohoe kwanza kisha arudi, kwa kuwa habari iletwayo hapa si ya kusikilizwa nusu. Si habari ya wafalme waliovuka mito na majeshi yao, wala ya miji iliyozingirwa hata wenyeji wakatafuna ngozi za viatu. Ni kuu kuliko hizo, kwa jinsi wanavyoisimulia watu wa Saltpond: habari ya Ekow Essuman, fundi majokofu, simba wa kompresa, mtuliza ngurumo, aliyeweza kunyamazisha kila kilichonguruma katika mji ule isipokuwa pua yake mwenyewe.

Na tuanze panapostahili kuanziwa, yaani kwenye pua.

Pua hiyo ilinyooka kama msumari mpya hadi mchana ule Ekow alipoinama juu ya jokofu kubwa la Yoofi Amissah, mwenye ghala la samaki wa barafu, na kifuniko chake kizito kikachomoka kwenye springi kikamshukia usoni. Damu ikakauka, uvimbe ukashuka, watu wakasahau. Lakini ndani, mahali pasipoonwa na kioo, kile kiambaza cha gegedu kitenganishacho tundu na tundu kilikuwa kimepinda kama mlango wa choo ulionyeshewa mvua. Tundu la kushoto likafungwa kabisa. La kulia likabaki kufanya kazi ya mawili, na kama ilivyo ada ya kibarua aliyebebeshwa zamu ya mwenzake, likaifanya kwa kelele.

Kelele gani? Waliolala chumba cha pili walidhani jirani amenunua kinu cha mahindi. Wageni walitoka asubuhi macho mekundu wakiaga mapema kuliko walivyopanga. Hapo katikati ya uwanja wa vita, ubavu kwa ubavu na adui, alilala Efua Mensima, mke wa shujaa, mpika dokono, ambaye mkono wake katika kuchachusha unga wa mahindi na kuufunga katika majani ya mgomba ulikuwa ukisifiwa toka sokoni hadi kituo cha magari. Miaka sita Efua alipigana kwa pamba masikioni, kwa mto kichwani, kwa kiwiko mbavuni. Asubuhi moja akakunja mkeka wake, akakwapua mto wake, akasimama mlangoni.

"Efua, wanihama?" akauliza Ekow.

"Wewe sijakuhama. Nimeihama pua. Mchana njoo ule kama kawaida, ila hiyo uiache nje."

"Haing'oki, mke wangu."

"Basi inyooshwe." Akauweka mto begani kama askari awekavyo bunduki. "Tunaishi hapa, bahari iko nyuma ya nyumba ya jirani yetu mama Araba. Miaka sita sijaisikia. Unajua maana yake? Niko kwa mama. Krismasi ikinikuta bado niko kwa mama, namfuata dada Takoradi nikafungue kibanda changu cha chakula. Usije ukasema sikukwambia."

Akaenda. Na shujaa wetu, aliyewahi kufungua matumbo ya majokofu yaliyokwisha kuliliwa, akabaki ameshika kizingiti, akipumua kwa mdomo.

Akajifunga safari, akafika Cape Coast kwa Dakta Quansah, tabibu wa masikio, pua na koo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na taa kali. Akaiingiza taa ile kwenye pango, akatazama, akaguna.

"Bwana Essuman, huku kushoto hata nzi akiingia itabidi arudi kinyumenyume."

"Inanyooka?"

"Inanyooka. Unalazwa kwa dawa ya usingizi, naingia kwa ndani, uso haukatwi popote, nakinyoosha kiambaza na kupunguza kilichozidi. Naweka vibanzi vya plastiki kukishikilia, baada ya wiki unarudi navitoa. Basi."

"Na gharama?"

Hapo ndipo tabibu, ambaye alikuwa ametazama mapua mengi lakini hakuna lililomwogopesha kama uso wa mtu anayeuliza bei, alipoketi. Akaeleza kwa utaratibu: mkono wa mpasuaji, dawa ya usingizi na mwenye kuisimamia, chumba, kitanda cha usiku mmoja, vibanzi na vidonge. Jumla cedi elfu kumi na mbili.

Shujaa akashika pua yake kwa heshima mpya. Hakujua kwamba alikuwa akitembea na kitu cha thamani hiyo bila mlinzi.

"Kuna njia," akasema Dakta. "Ukienda hospitali ya serikali, kadi yako ya bima itabeba sehemu kubwa, ila foleni yao itakufikisha mwakani. Ukitaka hapa, kadi haifanyi kazi. Unalipa nusu kabla ya kisu, nusu nyingine kidogo kidogo kwa miezi sita. Nimewahi kumpasua mtu akalipa kwa viazi vikuu, lakini hiyo siirudii."

Mwakani. Naye alikuwa na hadi Krismasi.

Akarudi Saltpond, akaanza kukusanya jeshi lake la fedha. Yule mama wa susu, apitaye kila jioni akipokea kidogo cha kila mtu na kukitunza, alimkabidhi chote alichokuwa amejiwekea: elfu mbili na mia tano. Benki wakamkaribisha kwenye kiti laini, wakamuuliza dhamana, na aliposema ana bisibisi na mtungi wa gesi wakamshukuru kwa kuja. Kaka yake aliyeko Milano alimtumia ujumbe mrefu wa sauti, uliojaa huruma na ushauri wa kulala ameketi, na mwisho wa ujumbe kulikuwa na kila kitu isipokuwa fedha. Basi shujaa akasimama mbele ya kilima cha elfu kumi na mbili akiwa ameshika ngazi ya elfu mbili na nusu.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo majeshi yanapopangwa.

Katika nchi ile mtu hatafutiwi jina la kwanza. Siku aliyozaliwa humpa. Ekow ni wa Alhamisi. Kofi ni wa Ijumaa, na Yoofi ni Kofi huyohuyo akiitwa kwa mahaba. Mwanamke wa Ijumaa ni Efua. Kila siku ina watu wake, na watu wa siku moja, hata kama hawapatani sokoni, ni ukoo. Na kanisani, ikifika Jumapili ya Mavuno, watu hawatoi sadaka kama watu. Hutoa kama siku. Huitwa Jumatatu, wakatoka wakicheza na vitambaa vyeupe; huitwa Jumanne; na mwisho mnadi hutangaza nani ameshinda, na walioshindwa hubeba aibu yao mwaka mzima. Ijumaa, chini ya jemadari Yoofi Amissah, walikuwa hawajashindwa tangu kanisa lilipoezekwa. Alhamisi walikuwa hawajawahi kuwa hata wa nne.

Jumapili ya Mavuno mwaka ule, mhubiri alipofika mahali pa utulivu mkuu, pale Bwana anapozungumza kwa sauti ndogo ya upole, ikatoka safu ya sita sauti isiyokuwa ndogo wala ya upole. Ekow alikuwa amesinzia. Mhubiri akangoja. Akaanza tena, naye Ekow akaanza tena. Kwaya wakafunika nyuso kwa vitabu.

Baada ya mabakuli ya Mavuno kwisha na Ijumaa kushinda kama kawaida, mnadi wa kanisa, mzee Kojo Baidoo, mwenye kipaza sauti na asiyejua kukitoa mdomoni, akasimama. "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Ndugu yetu fundi ana pua. Wote tuna pua, lakini ya kwake inahitaji daktari. Tumpitishie sahani moja ya huruma."

Sahani ya huruma ikazunguka kanisa zima, ikarudi na cedi themanini na sita na kifungo cha shati.

Yoofi Amissah akageuka kwenye kiti chake, kitambaa cha ushindi kingali begani. "Fundi, usiione ndogo. Pua yenyewe ndiyo iliyovunja kifuniko cha jokofu langu. Na mwaka jana uliniambia friji ni zima, kumbe samaki wameoza kutoka juu hadi chini, wewe umeingiza kichwa humo unapiga mluzi, harufu huisikii. Mtu wa Alhamisi akikwambia kitu hakinuki, mpeleke naye hospitali."

Safu za Ijumaa zikacheka. Na miongoni mwa waliocheka, kwa kiganja mdomoni, alikuwamo Efua Mensima, kwa maana sheria ya siku haijui ndoa, na mke wa Ijumaa huketi na Ijumaa.

Hapo, enyi wasikilizaji, likatendeka tendo ambalo hakuna aliyelitazamia, hata mtendaji wake mwenyewe. Ekow Essuman hakuwa na hila. Alikuwa na hasira tu, na alichotaka ni mambo yaishe aende nyumbani. Akasimama, akavuta pumzi ndefu kwa mdomo, akanena:

"Mzee Baidoo, rudisha hizo. Themanini na sita rudisha, kifungo rudisha. Sikuomba. Hii ni pua ya Alhamisi, iko kwenye uso wa Alhamisi, na Alhamisi wataigharamia wenyewe wakitaka, wasipotaka nitakoroma nayo hadi kaburini. Ijumaa wakae na samaki wao. Senti ya Ijumaa isiingie katika pua hii."

Kisha Maame Aba Eduafowa, bibi wa Alhamisi, mwuza vitenge ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebeba aibu ya siku yake kama mtungi uliotoboka, akainuka polepole, akafungua pindo la kitenge chake. "Kijana amesema. Alhamisi, mmekaa kwa nini?"

Wakatoka. Hawakucheza, walitembea kama watu wanaokwenda kumtoa ndugu yao korokoroni. Wakaweka, wakarudi, wakatazamana, wakaweka tena. Mzee Baidoo akahesabu, akavua miwani, akahesabu upya. "Alhamisi," akasema katika kipaza sauti, "elfu moja mia nne na hamsini."

Alhamisi hawakuwa wamewahi kusikia idadi hiyo mbele ya jina lao.

"Lakini Mavuno yamekwisha," akasema Yoofi.

"Yamekwisha," akajibu Maame Aba. "Hii ni pua. Kwenye pua tunaongoza sisi. Wewe kaa tu, mwanangu, umechoka."

Je, ni mwanaume gani wa Ijumaa angekaa? Yoofi akainuka kama tembo aliyeguswa mkia, akawainua watu wake, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe watu walisukumana kwenda kumlipia mtu ambaye amewakataza kumlipia. Ekow alipaza sauti: "Nimesema Ijumaa msitie!" nao wakatia zaidi. Jumatano wakaona wanaachwa, wakatoka. Wazaliwa wa Jumapili wakasema siku yenyewe ni yao, itakuwaje wawe watazamaji? Jumatatu, Jumanne na Jumamosi wakaja kwa ngoma. Hata mhubiri, ambaye ni wa Jumamosi, alionekana akishuka madhabahuni akiwa na mkono mfukoni.

Alhamisi walipofika elfu mbili mia tatu na kumi hawakuwa na pindo lililobaki kufunguliwa. Ijumaa walikuwa elfu mbili na mia mbili kamili, na Yoofi alikwisha kupekua hata mifuko ya shemeji yake. Maame Aba akaketi taratibu, kama malkia anayejaribu kiti.

Ndipo Efua akaondoka kwenye safu. Hakuwa amecheka tena tangu mume wake aseme lile la kukoroma hadi kaburini. Akaja mbele ya sahani, akafungua kitambaa kiunoni, akatoa noti zilizokuwa zimekunjwa ndogo sana. Ndugu yake mmoja tu alijua ni nauli ya Takoradi na kodi ya kwanza ya kibanda. Akaweka mia mbili.

"Nimesema msitie," akasema Ekow, lakini kwa sauti ya chini.

"Wewe uliyelala ulikosa nini? Aliyekesha ni mimi. Kama pua hiyo ina mwenyewe hapa, ni mimi, na mimi ni wa Ijumaa." Akamgeukia mnadi. "Mzee, andika."

Ijumaa, elfu mbili na mia nne. Ijumaa wameshinda. Na siku zote saba zilipojumlishwa ikawa elfu tisa mia sita na arobaini, ambazo ukizipandisha juu ya ile ngazi ya susu, zinakifikia kilele cha Dakta Quansah na kukipita kwa cedi mia moja na arobaini. Huruma ilikuwa imeleta themanini na sita. Mengine yote yaliletwa na wivu, na kanisa likashukuru bila kuuliza.

Alhamisi walijiliwaza kwa jambo moja. Dakta alikuwa amepanga kisu siku ya Alhamisi. "Walipe wao," akasema Maame Aba, "kisu chetu." Siku ikafika, shujaa akavikwa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, akapandishwa kitandani kama mwana wa mfalme. Umeme ukakatika. Jenereta likapiga chafya mara mbili likanyamaza. Ekow akashuka kitandani, akashika gauni kwa nyuma kwa mkono mmoja, akasema yeye atalitengeneza. Muuguzi akamzuia asiguse grisi, akamrudisha. Alasiri Dakta akaja, mabega chini.

"Pole sana. Kesho asubuhi."

"Kesho Ijumaa," akasema Ekow.

"Ndiyo. Kuna tatizo?"

Habari zikafika Saltpond kwa simu kabla jua halijainama. "Ijumaa?" akauliza Yoofi ghalani. "Rudia, nimeweka spika."

Basi Ijumaa asubuhi pua ile ikaingia gizani imepinda na ikatoka imenyooka, na kwa sheria ya nchi ile, kinachotoka Ijumaa ni cha Ijumaa. Pakawa na mjadala sokoni, wapo waliosema kiungo hakizaliwi mara ya pili, lakini hoja zao hazikufua dafu. Na kwa kuwa mtoto hutolewa nje siku ya nane akapewa jina lake, na vibanzi vya Dakta navyo vilikuwa vitolewe siku hiyohiyo, hapakuwa na namna ya kuizuia sherehe. Zile mia na arobaini zikanunua soda na biskuti.

Wakakusanyika uani kwa Essuman. Shujaa akaketi kwenye kigoda, amerudi kutoka Cape Coast mchana huohuo, uso umevimba kidogo, pua i wazi, akiogopa kuitumia. Mzee Baidoo, safari hii bila kipaza sauti lakini kwa sauti ileile, akachovya kidole katika maji, akaigusa ncha ya pua. "Ukisema maji, yawe maji." Akachovya katika gini, akagusa tena. "Ukisema gini, iwe gini. Usiwe pua ya uongo. Usimpendelee tajiri, usimwonee maskini. Umekuja Ijumaa; jina lako Kofi."

"Kofi," wakaitikia watu, Alhamisi kwa shingo upande.

"Pumua basi tuone," akasema Yoofi, aliyekuwa amekuja na boksi kubwa la zawadi, samaki kutoka ghalani kwake, na kuliweka miguuni pa kigoda. "Pumua, mwanangu Kofi. Baba yako yuko hapa."

Ekow akafunga mdomo. Jambo hilo peke yake liliwashangaza wengi, maana hawakuwa wamewahi kuuona umefungwa. Akavuta. Kushoto kukaingia upepo mwembamba, wa baridi, kama mlango wa nyuma uliofunguliwa katika nyumba iliyofungwa miaka sita. Akanusa vumbi. Akanusa majani ya mgomba na uchachu wa unga uliokuwa mkononi mwa mke wake, ambao alikuwa ameusifu miaka yote kwa kusikia kwa watu, akakuta watu hawakudanganya. Kisha akakunja uso, akalitazama lile boksi.

"Yoofi, samaki wako wameharibika."

Maame Aba akainama, akanusa, akainuka kwa taabu kubwa ya kuzuia furaha. "Wameharibika," akathibitisha.

Yoofi Amissah akatazama samaki, akatazama pua, na uso wake ukapita katika vita vikubwa kuliko vyote vya Mavuno. Mwisho akapiga magoti yake kwa viganja. "Wameharibika kweli, friji la mwisho linasumbua. Lakini mmesikia? Siku ya kwanza tu, na hamwogopi hata baba yake. Huyo ni mtoto wa Ijumaa. Mtu wa Alhamisi angenishukuru kwanza."

"Kesho nitakuja kulitazama friji," akasema Ekow. "Njoo na pua," akajibu Yoofi.

Jumapili baada ya ibada, ambayo mhubiri aliimaliza mapema kwa kukosa wa kumkatiza, Ekow alikula, akajinyoosha chumbani, mchana kweupe, na usingizi ukamchukua. Efua alikuja kuchukua bakuli la chakula alichokuwa amemletea. Akasimama mlangoni, bakuli mkononi, akasikiliza. Akakaribia, akaweka kiganja mbele ya pua ya mumewe kuhakikisha ni mzima. Pumzi ikamgusa vidole, mbili mbili, kushoto na kulia, kimya.

Akaondoka. Aliporudi kutoka kwa mama yake alikuwa na mto kwapani na mkeka begani. Akalala ubavuni pa kile kichwa chenye Alhamisi pande zote na Ijumaa katikati, akafumba macho. Nyuma ya nyumba ya mama Araba, taratibu, kitu kikainuka kikavunjika, kikarudi nyuma, kikainuka tena.

"Ekow," akanong'ona.

"Mm."

"Bahari."

Hivyo ndivyo ilivyotwaliwa ile ngome iliyoshinda pamba, mto na kiwiko. Na kama kuna wafalme waliotwaa ngome kubwa zaidi, basi walikuwa na majeshi ya kulipwa, wala hawakuwa na majirani wa kuwachukiza hadi wakawalipia. Mwenye kutaka kuthibitisha aende Saltpond, aulize kwa fundi Ekow. Akipotea njia asihangaike kusikiliza. Siku hizi hakuna kinachonguruma upande ule ila maji.